Neno "machinga" asili yake ni wapi hasa? Watu wa Lindi na Mtwara naomba mnisaidie

kitenge_mikindani:
Wakuu habari za saa hizi, Mtwara kuchele. Naomba kueleweshwa na wenye kujua maana hili jambo limenikaa kichwani na kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mi nauza vitenge na vijora hapa Mtwara mjini, nina meza yangu sokoni, na kutwa nzima wanapita vijana wa kutembeza, mmoja kaning'iniza mikanda ya suruali mkono mzima kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko na mkono wa pili kashika ubao wa miwani ya jua, mwingine ana hanga za mashati mgongoni. Wote tunawaita machinga, wenyewe wanajiita hivyohivyo na sijaona anayekasirika.

Sasa mtoto wa kaka yangu anasoma Dar, kaja likizo kaniambia shangazi hilo neno ni Kiingereza, ni "marching guy", kijana wa kutembea kwa miguu, eti Waswahili walilivuta vuta mpaka likawa machinga. Jirani yangu wa meza ya pili, mtu wa Lindi, alisimama kabisa akasema huo uongo, Wamachinga ni kabila na yeye ana wajomba huko. Wakabishana mpaka wateja wakajaa.

Kwahiyo nauliza, ni kabila kweli? Liko wapi? Na kama ni kabila ilikuwaje jina la watu likawa jina la yeyote anayetembeza bidhaa, mpaka Msukuma wa Mwanza na Mnyakyusa wa Mbeya akishika hanga tu anaitwa machinga? Naomba majibu ya watu wanaojua sio ya kuokoteza.

dogo_shangani:
Dada hilo ni marching guy, mi nimelisikia tangu sekondari na walimu wanalisema darasani. Wale jamaa kazi yao ni kutembea juani kutwa, ndo hiyo marching yenyewe. Sioni utata.

Mwana_Mchinga:
Utata upo tena mkubwa. Mimi ni Mmachinga, baba Mmachinga, mama Mmwera, nimezaliwa mkoa wa Lindi na bado nipo mkoa wa Lindi. Kabila letu lipo, dogo, tunakaa huku kati ya Lindi na Kilwa, majirani zetu ni Wamwera, Wangindo na Wamatumbi, na lugha yetu inaitwa Kimachinga, ukiijua Kimwera unaielewa kwa sehemu kubwa tu. Sisi sio wengi, makadirio ya mwaka 1987 yalitaja watu kama 36,000, na vijana wengi wa siku hizi wanaongea Kiswahili tupu ndo maana mtu wa mbali anaweza kuishi miaka yote asijue kama tupo.

Hebu jiulize kitu kimoja. Mwingereza kaja kututawala baada ya vita ya kwanza ya dunia, kabla yake alikuwepo Mjerumani, na kabla ya Mjerumani Sultani wa Zanzibar. Babu wa babu yangu alikuwa Mmachinga wakati wote huo, sasa "marching" angelitoa wapi?

Nieleze na jinsi linavyouma maana watu wanalichukulia kirahisi. Kuna ofisi moja nilienda kujaza fomu, nikaulizwa kabila, nikasema Mmachinga, karani akaniambia kaka nimeuliza kabila sijauliza kazi. Nikamwambia ndo kabila langu hilo. Akacheka, akawaita na wenzake waje wasikie, mwisho akaandika Mmwera akasema ni walewale. Mama yangu ni Mmwera nawapenda sana Wamwera ila mi sikwenda pale kuandikisha kabila la mama, na niliondoka pale nimekaa kimya kwasababu nilikuwa na shida na ile karatasi. Kwahiyo ukiniambia neno langu ni la Kiingereza kilichopinda unanifutia watu wangu wote kwa sentensi moja.

ticha_nyangao:
Naunga mkono hapo juu, mi nafundisha Kiswahili, nipo upande wa Lindi vijijini, naomba niongeze la kisarufi ambalo watu hawalitazami.

Sikiliza jinsi watu wanavyolitamka hili neno wasipokuwa na haraka. Mmoja ni mmachinga, wengi ni wamachinga. Hiyo ni m- na wa-, ngeli ya watu, na kinachobaki nyuma ni "machinga" nzima nzima. Sasa linganisha na Mmakonde Wamakonde, Mmakua Wamakua. Umbo ni lilelile, jina la kabila lenye ma- yake limebebeshwa m- na wa- za Kiswahili juu. Neno la Kiingereza likiingia huwa halina tabia hiyo, tunalo dereva, madereva, kondakta, makondakta. Lingekuwa la Kiingereza leo tungekuwa tunasema mamachingagai au kitu cha namna hiyo, na ile "gai" ya mwisho imepotelea wapi? Kiswahili kinapenda kuongeza irabu, sio kumeza silabi nzima bila sababu.

Jingine, hakuna Mwingereza anayemwita mchuuzi "marching guy". Yeye ana neno lake, hawker, na wenzetu wa Kenya wakachukua hilohilo. Kutembea kijeshi nako kwa Kiswahili ni kupiga kwata au gwaride. Hiyo "marching guy" imetungwa baadaye na watu waliokutana na neno lipo tayari wakataka kulipa baba, na kwakuwa Kiingereza kina heshima mashuleni kwetu likakubalika haraka bila kuulizwa. Mtu akitaka kuona Kiingereza kilichobatizwa kweli na watu wa kusini aangalie manamba. Wale waliotoka huku na kwingine kwenda kukata mkonge mashamba ya Tanga na Morogoro walikuwa wanapewa namba, wakawa manamba. Pale asili unaiona kwa macho.

Na hii ya kabila kuwa jina la kazi sio ajabu kabisa. Uswahilini Dar ukimtuma mtoto dukani unamwambia nenda kwa Mangi, hata kama mwenye duka ni Mkinga. Mangi ni cheo cha mtawala wa Wachaga. Wachaga walifungua maduka mengi, jina likaganda kwenye duka. Kwa Wamachinga ni njia hiyohiyo.

korosho_ya_zamani:
Wanangu ngoja niwaeleze lile swali la ilikuwaje maana mi nilikuwepo. Mi ni Mmwera wa Lindi ila Kariakoo niliitwa Mmachinga miaka yote na sikuwahi kumrekebisha mtu.

Kwanza mjue kilichotutoa nyumbani. Kusini yote ilikuwa inakula korosho. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna karibu tani 145,000 na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Mwaka 1974 likaja zoezi la vijiji, watu wakahamishwa kukaa pamoja, wengi wakaachwa mbali na mikorosho yao, unatembea asubuhi yote kuifikia, pori likaimeza. Alafu ukaja ugonjwa wa ubwiriunga, ule unga mweupe unaokaa kwenye maua na majani machanga, maua yanakauka yanadondoka kabla hayajashika tunda. Na bei nayo ilikuwa ya chini sana haimpi mtu moyo wa kusafisha shamba. Ilipofika msimu wa 1986/87 nchi nzima ikavuna tani kama 16,500. Fikirieni wenyewe kutoka ile mpaka hii. Kijana wa miaka ishirini wa Lindi wakati ule alikuwa na mikorosho ya babu yake isiyozaa, kiwanda hakuna, barabara hakuna, masika ikianza mnafungiwa mpaka mvua iishe, na ukifika Rufiji unasubiri pantoni pale Ndundu mpaka ulale. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003 tu, hilo ni la juzi.

Tukaenda Dar. Tukafikia kwa mtu wa kwetu maana ndo utaratibu, mmoja akipata chumba mnalala humo sita saba. Mtaji hakuna, duka huwezi, kwahiyo unachukua boksi la kadibodi unalikata pembeni unatoboa unapitisha kamba unalivaa shingoni, ndani yake sindano, nyembe, viberiti, pini za nywele, vitana. Unatembea Kariakoo yote, Ilala, Magomeni mpaka Manzese. Muda huohuo sheria ya Nguvu Kazi ilikuwa imetoka, ile ya 1983, asiye na kazi inayotambulika anakamatwa kwa uzururaji anarudishwa kijijini. Sisi na boksi letu tulikuwa wazururaji. Ukiona karandinga unageuza boksi upande wa ndani ya shati unakimbia na sindano zinakuchoma kifuani.

Baadae Mzee Mwinyi akaingia, biashara ikafunguliwa, mitumba ikaanza kujaa, boksi likawa hanga za mashati na sisi tukawa wengi sana. Watu wa Dar walikuwa wanatuuliza nyie vijana ni kina nani, waliotangulia wengi walikuwa Wamachinga kweli wakajibu sisi Wamachinga, basi wakatujumlisha. Mmwera Mmachinga, Mmakonde Mmachinga, Myao Mmachinga. Ilikuwa kama kusema watu wa kusini. Alafu tulipozoeleka wakaja na vijana wa Singida, Iringa, Usukumani, wakashika hanga zilezile wakaitwa jina lilelile, hapo ndo likaacha kuwa la kusini likawa la kazi. Kabla ya hapo mtu wa namna hiyo alikuwa anaitwa mchuuzi tu.

dogo_shangani:
Mzee wangu shikamoo, historia nimeikubali. Ila ticha naomba unijibu, haiwezekani yakawa mawili kwa pamoja? Kabila lipo sikatai, lakini wale wa mjini wanaojua Kiingereza wakasikia machinga wakaliunganisha na marching ndo likashika kasi? Maana kuna jina la kabila dogo sana halijulikani halafu ghafla nchi nzima inalijua, lazima kuna kitu kililisukuma.

ticha_nyangao:
Kilichosukuma ni kile alichoeleza mzee, wingi wa vijana na hanga zao. Kumbuka waliolitumia kwanza ni wanunuzi wa Kariakoo na mgambo, sio wasomi wa Kiingereza. Maelezo ya marching yamekuja mtu akiwa ameshalizoea neno.

chisale_wa_masasi:
Habarini, mi Myao wa Masasi. Naomba nizungumzie nyuma zaidi ya hapo maana hili jina halikomei Lindi. Ukivuka Ruvuma ukaingia Msumbiji, mji mkuu wa mkoa wa Niassa unaitwa Lichinga, Mreno aliuita Vila Cabral na baada ya uhuru wakaurudishia jina lake. Ukienda Malawi kuna wilaya inaitwa Machinga, ndo kule kwenye Liwonde, na wenyeji wake wengi ni Wayao. Wayao wenyewe wamegawanyika, kuna Amachinga, Amangoche, Amasaninga, Makale na wengine.

Kwa Kiyao jiwe ni liganga, mawe ni maganga. Kwahiyo lichinga likiwa moja, yakiwa mengi ni machinga. Wazee wetu wanasema lichinga ni kama boma au ukuta, na safu ya milima iliyosimama imezuia kama ukuta nayo wanaiita hivyo, wale waliokaa kwenye milima hiyo wakachukua jina la mahali pao. Ndivyo Wayao wanavyojiita, hata jina la Wayao linasemwa ni la kilima. Mi naamini Wamachinga wa Lindi na Amachinga wa kwetu wana shina moja, na ukisikiliza lugha zao unaona undugu.

Inanigusa sana hii maana Wayao wa karne ya 19 walikuwa watu wa safari kupita wengi, walitembea na misafara kutoka ziwa Nyasa mpaka Kilwa na pembe za ndovu, na yapo mabaya waliyobeba nayo, watumwa, siyafichi. Jina lililoanzia kwenye milima, kwa watu waliokaa mahali pao, leo ndo jina la mtu asiye na mahali pa kukaa mjini.

kitenge_mikindani:
Asanteni jamani nimesoma yote mpaka nimechelewa kufunga meza. Nina swali lingine, na Mchinga je? Ile ya pwani hapo kabla hujafika Lindi ukitokea Dar, kuna jimbo la Mchinga. Jirani yangu anasema machinga imetokea hapo.

Mwana_Mchinga:
Majina yanafanana na sisi tupo maeneo hayo, ndo maana nimejiita hivi humu. Ila usigeuze ukasema kila machinga ni mtu wa Mchinga. Mchinga ni mahali, Machinga ni watu, mtu akitoka Mchinga anaweza kuwa Mmwera au Mswahili wa pwani kabisa. Lipi limezaa lipi wazee wetu wenyewe wanabishana na mi siwezi kuamua humu.

binti_wa_mtanda:
Jamani hii mada imenikumbusha kitu nilichosoma kuhusu Ulaya. Kule kuna watu wanaoitwa Gypsy, waliishi kwa kuhama hama na magari ya farasi, wanafua vyuma, wanauza farasi, wanapiga muziki. Hilo jina limetokana na Egyptian kwasababu wazungu walidhani wametoka Misri. Kumbe asili yao ni kaskazini ya India na lugha yao ni ndugu wa Kihindi kabisa. Wenyewe wanajiita Roma na mwaka 1971 walikutana karibu na London wakakubaliana waitwe hivyo, kwasababu lile la kwanza limeshageuka tusi, mtu akiitwa hivyo anafikiriwa mwizi.

Tofauti na kwetu ni kwamba wao walipewa jina la mahali wasikotoka, wakati Wamachinga jina ni lao kweli ila limenyooshwa likawafunika na watu wengine. Lakini lililobaki linafanana, watu wanaotembea wanapewa jina na waliokaa, na waliokaa hawaulizi. Ndo nauliza wenyewe wenye jina, je kwenu limekuwa tusi?

korosho_ya_zamani:
Zamani lilikuwa linatumika vibaya, binti. "Usiniletee umachinga hapa", au mtu akivaa ovyo anaambiwa kama mmachinga. Ilikuwa inachanganyika na dharau ya watu wa kusini kwa ujumla, kwamba hatujasoma, hatuna kwetu. Sasaivi limepanda. Serikali yenyewe inalitumia kwenye barua, lipo jengo la Machinga Complex pale Karume Ilala, Dodoma wamejengewa soko lao, mwaka 2018 Rais Magufuli alitoa vitambulisho vya shilingi 20,000 na kila mtu alisema vitambulisho vya machinga, na wana shirikisho lao la nchi nzima SHIUMA. Mwaka 2021 walipoondolewa barabarani nchi nzima ilikuwa inajadili "kuwapanga machinga". Kijana anasema mi machinga huku kifua mbele. Mi nafurahi kwa hilo, boksi la kamba lilinisomeshea watoto.

Mwana_Mchinga:
Mzee nakuheshimu na nimefurahi limekusomeshea watoto. Kwangu halijawa tusi, kazi ya kutembeza ni kazi halali na wajomba zangu wameifanya. Ila kadiri linavyopanda kwenu ndivyo linavyozama kwetu. Ukiandika Machinga mtandaoni unapata masoko na mgambo, kabila hulioni. Mwanangu wa darasa la tano kaandika shuleni kabila lake ni Mmachinga wenzake wakamuuliza unauza nini, karudi nyumbani ananiambia baba mi nisiwe Mswahili tu? Binti umesema wale wa Ulaya walichagua waitweje. Sisi hatuna jina lingine la kukimbilia, hili ndo letu. Mi ningefurahi kitu kidogo tu, mwandishi wa gazeti akiandika kazi aandike machinga kwa herufi ndogo, akiandika watu aandike Wamachinga kwa herufi kubwa, na walimu waache kufundisha hiyo marching.

ticha_nyangao:
Hilo la herufi nalichukua darasani kwangu Jumatatu. Na mtoto aliyeulizwa unauza nini ilibidi mwalimu aingilie palepale awaambie darasa zima.

Mwana_Mchinga, kwenu kuna mtu mzima anayeongea Kimachinga chenyewe, kisichochanganyika na Kimwera? Nataka kurekodi kwa simu, hesabu moja mpaka kumi, majina ya samaki na miti, salamu za asubuhi. Chisale naye akitupa za Kiyao tunaweka sambamba tunaona undugu ulipo badala ya kubishana kwa kukisia.

chisale_wa_masasi:
Mi nipo tayari, na mama yangu mkubwa pia, yeye hana Kiswahili kingi kwahiyo Kiyao chake ni kizima.

Mwana_Mchinga:
Yupo bibi yangu, dada yake babu. Anaongea vizuri sana ila kwenye simu hasikii, inabidi umfuate alipo na uongee karibu na sikio la kulia. Panda gari la Kilwa ukitokea Lindi ushuke Mchinga, unipigie kabla hujaondoka nije na bodaboda, ile njia ya ndani gari haliingii. Uje kabla masika haijaanza. Na mletee ugoro, bila ugoro hasemi na mtu.